Jani la Isale Kwenye Kitasa

Siku tatu nilikuwa naingia na kutoka nyumbani kwangu kupitia dirishani.

Ufunguo ninao. Mlango ni mzima, nimeuchonga mwenyewe kwa mbao za mringaringa.

Sikuwa na kichaa. Nilikuwa naogopa jani.

Naitwa Basili, nalima kahawa na ndizi huku juu ya Himo, kijiji sitakitaja. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Mke wangu Lukresia alifariki masika ya mwaka juzi. Tangu hapo nyumba ni mimi, ng'ombe wawili na redio.

Jumamosi asubuhi naamka nikakamue. Nafungua mlango, nakuta jani la isale limefungwa fundo kwenye kitasa cha nje.

Kwa msio wa huku: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea, akakuletea jani lake limefungwa fundo, umekwisha. Unasamehe, hata kama alikuchomea nyumba. Ukilitupa, wazee wanasema balaa linageukia watoto wako. Ukilishika, umesamehe.

Njia ya tatu haipo.

Nikarudisha mlango taratibu, kama mtu aliyeona nyoka.

Nilijua limetoka kwa nani. Wenseslaus, mwenyekiti wa kitongoji. Na kwa kuwa viongozi hawatosheki na kiti kimoja, ndiye pia mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Ukitaka kuuza ng'ombe, yeye. Ukitaka kubatiza, yeye. Hata ukifa, ratiba ya kukuzika anaisoma yeye.

Kosa lake hili hapa.

Tulibeba mawe ya daraja la mto wetu, kazi ya pamoja ya kijiji, msaragambo, Jumatano tatu mfululizo. Lukresia alibeba kichwani. Tukaambiwa simenti inakuja. Simenti haikuja, na mawe yakaishia kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, wakubwa wasichafuliwe na matope yetu.

Masika mto ukajaa. Lukresia tumbo limembana, tukamshusha kwa machela hadi ukingoni. Gari la wagonjwa limesimama ng'ambo, linatuwashia taa tu. Alikata roho mkono wake ukiwa mkononi mwangu, maji yanapita mbele yetu.

Msibani nikasimama mbele ya watu wote.

"Wenseslaus, wewe ndiye umemuua mke wangu."

Jumuiya sikukanyaga tena. Misa nakwenda, nakaa nyuma. Kwenye Baba Yetu nikifika "utusamehe makosa yetu", nasema. Inayofuata, "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea", nafunga mdomo. Sitaki kumdanganya Mungu nyumbani kwake.

Sasa kuna Stella, binti yangu wa pekee, ana cherehani yake pale Himo. Anaolewa na Jovin. Padri anataka barua ya jumuiya, ithibitishe kwamba familia inasali na wenzake. Anayetia sahihi mnamjua. Mwisho wa kuipeleka, Jumatatu jioni. Bila barua, ndoa haitangazwi.

Stella alikuja Ijumaa.

"Baba, nenda kwa mwenyekiti. Dakika tano tu."

"Siendi. Mwambie padri aandike yeye, amesoma."

"Mimi nikae bila ndoa kwa sababu ya mawe?"

"Kwa sababu ya mama yako."

Akaenda kulala. Alfajiri sijaamka, kesharudi Himo.

Na asubuhi hiyo ndiyo nikakuta jani.

Niwaambie ukweli, kwanza nilifurahi. Kumbe anajijua. Halafu nikachukia: jani moja tu, litoshe kwa Lukresia? Nikaamua sishiki, situpi. Nitapita dirishani hadi linyauke.

Isale lina roho ngumu, halinyauki upesi.

Jumapili narudi misani, mguu mmoja ndani mmoja nje, suruali ya kanisani imenasa kwenye msumari, jirani yangu Mama Doris huyo anapita.

"Baba Stella, siku hizi unajiibia mwenyewe?"

"Kitasa kimeharibika."

"Mbona naona kimeota jani?"

Akaenda zake anacheka. Mimi nikabaki nimening'inia pale, mwanamume wa miaka sitini na tatu, nimefungwa na kitu ambacho mbuzi anakitafuna.

Jumatatu mchana, hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Sauti ya Wenseslaus. Salamu hiyo nayo ni mtego, hata adui akikupa lazima uitikie.

"Milele amina," nikajibu nyuma ya mlango.

"Fungua, Baba Stella. Nimekuja kukwambia kwamba nimelipokea."

"Umepokea nini?"

"Isale lako. Yale matusi ya msibani nimekusamehe, kiroho safi."

Damu ikanipanda. Nikatoka dirishani mbio, nikazunguka nyumba, nikamkuta amesimama uani na jani mkononi, limefungwa fundo.

"Mimi? Nikuombe msamaha wewe?"

"Sasa hili lilikuja kwangu kwa miguu yake? Jumamosi nimelikuta mlangoni."

"Na lile pale kwenye kitasa uliloniletea?"

Akageuka, akalitazama. "Mimi sijakuletea kitu."

Tukasogea wote. Mafundo yote mawili yalikuwa yamekazwa kwa uzi mwekundu. Uzi wa cherehani.

Tulikwenda hadi kaburini kwa Lukresia, hapo nyuma kwenye migomba. Isale la kichwani pake lilikuwa limekatwa majani mawili.

"Ni Stella," nikasema.

Wenseslaus akajikalia kwenye gogo. "Balaa. Jana nimewatangazia jumuiya kwamba umeniangukia. Wamepiga makofi."

"Basi kawaambie ulikosea."

"Siwezi. Nimeshalishika." Akakung'uta vumbi kwenye kofia. Kisha akaniuliza polepole, "Ile Alhamisi, umewahi kumwambia mtoto?"

Nikakaa na mimi kwenye gogo.

Hata ninyi sijawaambia.

Lukresia alifariki Ijumaa. Alhamisi, mto ukiwa bado wa magotini, Wenseslaus alikuja na pikapu yake. Akasema, "Tumpeleke Mama Stella sasa hivi, mawingu yale siyapendi." Lukresia alikuwa keshajifunga kanga, ameshika na kadi yake ya kliniki.

Nikamjibu, "Mke wangu hapandi gari la mwizi wa mawe."

Lukresia alinitazama. Akafungua kanga, akarudi kitandani.

Usiku ule mvua ikanyesha.

Na msibani, nilipomwita Wenseslaus muuaji, angeweza kusema. Alitazama viatu vyake.

"Kwa nini ulinyamaza?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unazika."

Nikarudi mlangoni. Nikafungua lile fundo, nikalifunga upya kwa mkono wangu. Nikampelekea.

"Lile la kwanza halikuwa langu. Hili ni langu."

Akalipokea kwa mikono miwili.

"Na mawe?" nikasema, maana sikuwa nimemaliza.

"Mawe yale karatasi nilisaini mimi. Niliogopa wakubwa. Nalala nayo."

Barua akaiandikia palepale, kwenye paja. Nikapita mlangoni kwangu kwenda kuchukua koti, niiwahishe parokia.

Nilipotoka parokia nikampigia Stella.

"Barua imefika. Ila kuna jambo la mama yako, la ile Alhamisi."

Nikamweleza lote.

"Baba, najua," akasema. "Mama alinipigia jioni ile ile. Miaka miwili nasubiri uniambie wewe. Mlango wako ndio nilioanza kuufungia jani, nikitaka uanze wewe. Wa mwenyekiti nilipitia baadaye."

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa mpaka jua likatua.

Daraja hadi leo halijajengwa. Ukuta wa ofisi upo, na kila nikipita naona jiwe moja jeupe alilolibeba Lukresia. Hao wakubwa sijawaachia, na nitawasema hadi nikazikwe. Lakini mtu anaweza kuwa na haki ya kumlaumu mkubwa, na bado akaitumia haki hiyo kama shuka la kujifunikia uso. Nimejifunika miaka miwili, na mtoto wangu ananiona miguu.

Jumapili iliyofuata, kwenye Baba Yetu, mstari ule nilisema. Ila safari hii ule wa kwanza, wa "utusamehe makosa yetu", ndio ulionishinda kuutamka.