Jogoo Aliyetumwa Salamu

Mama yangu alishuka stendi ya Mbeya amevaa sweta juu ya kitenge na kitenge kingine juu ya sweta, huku amekumbatia kapu lililofungwa kwa kamba ya katani. Kabla sijampokea mzigo, kabla hata ya kuuliza kama watoto hawajambo, akasema, "Nimekuletea mwanaume."

Watu wa karibu waligeuka. Kichwa chenye upanga mwekundu kikachomoza kapuni, kikanitazama kwa jicho moja.

Chanzo kilikuwa simu. Nilikuwa nimemwambia mama, ambaye anaishi Idodi, kwamba nimeanza kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Akauliza jogoo wangu ana rangi gani. Nikamjibu sina, kuku hawa wanataga bila jogoo. Akauliza tena, "Na mayai ya namna hiyo mnayala?" Nikadhani yameishia hapo.

Jogoo alikuwa wa kienyeji, mwembamba, mkia mrefu. Kwao, mama alisema, alikuwa anafukuza mbwa. Tulipomfungulia banda, akaingia kifua mbele, akashusha bawa moja na kuzunguka polepole kama bwana harusi. Kuku wangu, wanene, ambao hawakuwahi kuona jogoo maishani mwao, wakaacha pumba wakamkodolea macho. Kisha mmoja mweusi, mkubwa kuliko wote, akamdonoa kichwani. Wenzake wakaunga mkono. Jogoo alitoka mbio, akapita katikati ya miguu ya mama na kutokomea jikoni.

"Mwanangu," mama akasema kwa masikitiko, "kuku wako hawakulelewa."

Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya mnaijua. Jogoo alihamia kando ya jiko la mkaa, amejivimbisha manyoya, macho nusu yamefumba. Hakuwika. Mama alikuwa amekuja kwa wiki moja tu, lakini akaahirisha safari. "Siwezi kumwacha mgonjwa," alisema.

Sasa kukawa na shida nyingine. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, aliyelelewa kuwaheshimu wakwe kiasi cha kuwaogopa. Tangu tuoane, yeye na mama walikuwa wakikutana kwenye harusi na misiba tu, wakasalimiana kwa mbali wakitazama chini. Mama naye ni Mhehe wa zamani, hawezi hata kutafuna mbele ya mkwe wake. Na nyumba yetu ni ndogo, ina choo kimoja. Mume wangu akisikia mama anakohoa koridoni, anabaki chumbani na mswaki mdomoni.

Asubuhi moja aliingia jikoni kuchukua chai, hakujua mama yumo. Mimi nilikuwa namfuata nyuma na vikombe, nikasimama mlangoni. Mama alikuwa amegeukia ukuta, mume wangu amegeukia dirisha, jogoo yuko katikati.

"Wewe jogoo," mume wangu akasema kwa adabu, "hebu muulize mama kama ameamka salama."

Kisha mama akainama kidogo. "Jogoo, mwambie baba nimeamka salama. Ila baridi."

"Mwambie nitamletea blanketi lingine."

Jogoo akajisaidia sakafuni.

Tangu siku hiyo wakawa wanamtuma bila huruma. Alipewa habari za mvua za Idodi, za mchele wa Madibira, za mchungaji mpya anayehubiri mpaka wali unapoa. Nilikuwa nasikia sauti zao jikoni wakati napika, na mimi hakuna aliyenisemesha.

Jioni moja mume wangu akasema, "Jogoo, muulize mama, tukimtoa yule mweusi bandani kwa muda, si utapata nafasi?"

"Mwambie baba nilikuwa namngoja mwenye nyumba aseme."

Kesho yake mume wangu alirudi mapema, akaanza kumkimbiza yule kuku uani na suruali ya ofisini. Mama alisimama mlangoni, jogoo kwapani, akitoa maelekezo. "Jogoo, mwambie apite kushoto! Mwambie asimwache aende kwenye migomba!" Kuku akajipenyeza, mume wangu akateleza kwenye tope, na mama akasahau kila kitu.

"Kushoto, baba! Kushoto kwako, jamani! Huyo hapo!"

"Nimemwona, mama! Nimemshika!"

Mume wangu amelala kifudifudi topeni, kuku mweusi anapiga kelele mikononi mwake, na macho yake yanamtazama mama mkwe wake usoni. Mama ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, jogoo akamponyoka.

Tulimfungia yule mweusi kwenye tenga, tukamrudisha jogoo bandani. Wale wengine, bila kiongozi, hawakujua la kufanya, wakamwacha ale. Baada ya siku chache alikuwa anawaita kila anapopata mdudu, na mweusi aliporudi alidonolewa yeye. Kisha akawika, kwa sauti ya kukwaruza iliyokatikia katikati. Jirani yangu, akiwa upande wa pili wa ua, aliniuliza ni nani anaumwa kifua.

Mama alirudi Idodi mwezi wa nane. Juzi nilimpigia, nikaambiwa simu inatumika. Nikapiga tena, bado. Nikatoka nje kwenda kuanua nguo, nikamkuta mume wangu ameegemea banda, simu sikioni. Akaniashiria kwa mkono nisubiri, hawajamaliza.