Pumzi za Karani

Fundi saa hakuwa mtu wa kubabaika. Mikono iliyozoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta haina ruhusa ya kutetemeka. Lakini Karani alipougua ilitetemeka, tena mbele ya wateja.

Karani ni mbwa wake jike, wa rangi ya majivu. Alipewa jina hilo kwa sababu hulala chini ya meza ya kazi, na kila mteja akiingia huinua kichwa, humkagua, kisha hurudi kulala, kazi imekwisha. Homa ya kupe ilimwangusha ghafla. Ufizi ukawa mweupe, chakula hataki, na akiitwa anatikisa ncha ya mkia tu, kwa adabu.

Daktari wa wanyama alimtundikia dripu, akakaa naye siku kadhaa, kisha akamruhusu kurudi.

"Hatari kubwa imepita, lakini bado simwamini," alisema. "Msikilize anavyohema. Akianza kuhema kwa shida usingoje, mlete."

Fundi akalishika agizo hilo kama aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe. Alipiga magoti dukani, akatega sikio ubavuni mwa Karani, asisikie kitu ila saa: za ukutani, za mezani, za watu na zake, zote zinagonga kwa pamoja. Kwa miaka mingi hakuwa hata akizisikia, sasa zilimkera. Akazitoa betri, na zile za ufunguo akazisimamisha moja moja. Duka likanyamaza. Pumzi ya Karani ikasikika, nyembamba.

Tangu hapo kazi ikalala. Mteja mmoja aliingia, akautazama ukuta.

"Fundi, saa zako zote mbovu? Sasa yangu nimwachie nani?"

"Ongea taratibu," fundi akamjibu.

Maskini, alikuwa anaogopa. Aliogopa kwenda msalani, akaogopa hata kikohozi chake mwenyewe. Karani alianza kula, ufizi ukarudi rangi, lakini hakutulia. Kila akilala anainuka, anajizungusha, anasimama kuukodolea macho ukuta, masikio juu. Fundi akajua ndiyo basi, ugonjwa umerudi. Alikuwa anafunga kamba za viatu ampeleke kwa daktari, mkewe alipoingia na chupa ya chai.

"Kwani kuna msiba humu?" mkewe akauliza. "Mbona kimya hivi?"

"Nasikiliza anavyohema. Na sasa halali kabisa."

"Atalalaje? Amekulia chini ya meza hiyo, tangu lini akalala bila kelele za saa zako?"

"Nikiziwasha sitamsikia."

"Hutamsikia, mzee wangu. Lakini atalala."

Fundi alikaa kwanza, kamba moja haijafungwa. Kisha akainuka, akaanza na ile kubwa ya ukutani. Kabla hajafika nusu ya ukuta, Karani alishusha kichwa, akajikunja, akalala fofofo. Fundi akainama, akatega sikio. Hakusikia pumzi yoyote, saa tu.

Akarudi kitini. Akavaa jichoni kile kioo chake cha kukuzia, ambacho ukikivaa huoni kingine ila kilicho mkononi, akaifungua saa ya mteja. Chini ya meza akavua kiatu kimya kimya, akanyoosha mguu mpaka kidole kikagusa manyoya yenye joto.