Prosesa na Dume la Kalemela

Mimi na gemu usituguse. Nafundisha hesabu sekondari hapa Bariadi, na kompyuta niliyotaka kuunda ilikuwa ya mfumo wa Linux tupu, bila Windows, inayocheza gemu za mpira na mbio za magari bila kukwama. Kilichonishinda ni kuchagua prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Moja ilikuwa ndogo, picha inazitoa yenyewe. Nyingine ilikuwa na nguvu ya kutisha, lakini usipoinunulia na kadi ya picha, kioo kinabaki cheusi.

Kwenye kundi la mtandaoni nikampata mtu aliyekuwa nazo zote mbili, zimetumika kidogo. Hakuweka jina wala sura. Miezi miwili tulibishana na kutaniana mpaka nikamwona ndugu. Siku moja akaniuliza hiyo kubwa pamoja na kadi yake nitazilipiaje. Nikajitapa, kichwa maji mimi: "Wakwe nimewaambia ng'ombe wa mahari wameisha. Kumbe nina dume nimelificha kwa mjomba kule Kalemela. Mama wa mchumba ni mkali balaa, eti anataka aongezwe ng'ombe mmoja! Atasubiri sana."

Baada ya siku mbili akaandika tu: "Njoo Jumatano saa nne, duka la vifaa vya umeme, Somanda. Uzione zote."

Nikafika. Bodaboda ikasimama, akashuka mama wa makamo na mkoba wake wa kitenge. Mungu wangu! Mama wa mchumba wangu, kutoka Dutwa! Nilishamwona mara moja tu, siku ya kujitambulisha, nikaambiwa amestaafu kazi ya ofisini Mwanza. Kazi gani, sikuuliza. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mkono. Nikaruka pembeni, nikainama, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", kwa sauti ya chini, nikiomba apite aende zake.

Hakupita. Akanipa mgongo, akafungua mkoba, akapanga vikasha viwili kwenye ukingo wa baraza. Halafu simu yangu ikalia, ujumbe wa yule muuzaji: "Hiyo ndogo inakutosha. Linux itaitambua bila kuhangaika."

Weee! Yale maneno yote, "mkali balaa", "atasubiri sana", nilikuwa nimemwandikia mwenyewe! Nikaona ndoa yangu inakwenda na maji pale pale barazani.

Simu ikalia tena. "Binti yangu anajua habari ya dume?"

Tuko hatua tano tu, mtu na mkwewe, tunaandikiana. Nikaandika "ndiyo", nikafuta. Nikaandika "Hapana, mama."

"Mpigie sasa hivi. Nakusubiri."

Nikapiga. Mchumba wangu akapokea kama kawaida yake, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia haraka haraka, kabla ujasiri haujaniishia: nina dume Kalemela, niliwadanganya, nilitaka kuliuza ninunue prosesa.



"Najua," akasema. "Mama alinisomea ujumbe wako siku ile ile. Tangu hapo kila ukipiga nangoja uniambie mwenyewe."