Alama ya Vema kwenye Kadi ya Aneth

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu nyekundu na kuamriwa kuandika uongo. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa mshauri nasaha mpya kwenye kliniki ya watu wanaoishi na VVU, karibu na Tengeru. Kazi yangu ilikuwa kumweleza kila mama njia za uzazi wa mpango, kisha kuweka alama ya vema kwenye kadi yake.

“Bwana mshauri, foleni imefika getini,” alisema Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo. “Ukimhadithia kila mmoja tutalala hapa. Weka vema zote asubuhi. Wape kondomu, inatosha.”

Nikaweka, siku ile na miaka iliyofuata. Wengi waume zao walizikataa kondomu. Akina mama hao hawakujua kwamba sindano na kitanzi vingewafaa pia, na mimi niliyelipwa kuwaambia nilikaa kimya.

Baadaye alihamia Muuguzi Kiongozi, mama mkali. Alituita. “Wenye kijiti cha uzazi wa mpango mkononi wanaomeza efavirenz ya VVU waambiwe. Dawa hiyo hupunguza nguvu ya kijiti. Wanaweza kushika mimba. Mnawaambia?”

“Tunawaambia,” nilijibu. Kadi zote zilikuwa na vema.

Mdogo wangu Aneth alitibiwa hapohapo kwa sababu nilikuwapo. Alikuwa na kijiti, na alimeza efavirenz. Siku ya zamu yake alicheka mlangoni.

“Shikamoo, kaka. Leo utanifundisha mambo ya chumbani?”

“Marahaba. Potelea mbali! Kadi yako iko tayari.”

“Afadhali. Nimeacha ndizi zangu sokoni.”

Kwetu kaka hazungumzi mambo hayo na dada yake. Lakini Muuguzi Kiongozi alikuwa chumba cha pili. Ningemwita tu amweleze. Niliona aibu, na vema ilikuwa imeshawekwa.

Aneth alishika mimba. Mumewe akamwambia, “Una kijiti, mimba imetoka wapi?” Akamfukuza. Aneth akaacha kliniki, akaacha dawa, akajifungulia nyumbani kwa rafiki yake, kule Moshono. Mtoto alipopimwa, alikutwa na VVU.

Nilikwenda kumweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Kumbe ulijua?”

“Nilijua.”

“Nilipokuwa nalia kwamba sijatembea na mtu, ulijua?”

Akafunga mlango.

Nimestaafu. Niliagwa kwa keki na hotuba. Walisema kadi zangu hazikuwahi kuwa na pengo. Ninyi mnaoanza kazi hii, msikubali kuweka alama ya neno ambalo hamjalisema. Dawa zimebadilika siku hizi, lakini mama aliye mbele yako bado hajui usichomwambia.

Mtoto yule sasa ni binti wa shule. Anameza vidonge kila siku. Jumapili iliyopita alipata kipaimara, nami nikasimama nje ya kanisa na zawadi. Aneth alimshika mkono, wakanipita kama mtu wasiyemjua. Kalamu ile ilimpa mtoto maradhi, ikavunja nyumba ya mdogo wangu, na mimi ikaninyang’anya ndugu pekee niliyekuwa naye.