Fundi Aliyepima Mtetemo wa Elisi

Habari ya kifo chake niliipata hapa Kabambare kutoka kwa dereva wa pikipiki aliyewasili kutoka Kasongo akiwa na matope hadi magotini: fundi wa elisi wa kule bandarini amefariki, na wamekwisha kumzika. Aliugua majuma machache, akafa kitandani pake, watoto wake wakiwa naye. Nilishusha pumzi, kisha nikaona haya. Lakini kwa miaka mingi niliogopa kwamba siku moja ningesikia mto Lualaba umemchukua, maana alizama mwenyewe chini ya mashua kuzifungua elisi, yale mabawa ya chuma yanayozunguka majini na kuisukuma mashua mbele. Mto haukumchukua. Nashukuru kwa hilo.

Hatukuwa marafiki. Nilimfahamu kama wasafiri wengi walivyomfahamu, mtu mfupi mwenye simu ya zamani aliyoifunga kwa mpira juu ya kitako kinachoubeba mhimili, ule mti wa chuma unaozungusha elisi. Simu hiyo ilichora mtetemo kama mstari wa milima na mabonde. Kila elisi mpya ilipofungwa, aliuhifadhi mstari wake wa kwanza, na baadaye aliilinganisha mistari mingine na huo. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo, alikosea. Aliizuia mashua iliyojaa mihogo na watu, akatangaza kwamba elisi imeharibika, akaifungua, akaikuta nzima kabisa. Mtetemo ulitoka kwenye bolti ya mashine iliyolegea. Watu walimcheka, nami nilicheka nao. Yeye alisimama mbele yetu huku maji yakimchuruzika, akasema kwamba kosa ni lake, na kwamba kuanzia siku hiyo atakaza bolti zote kwanza, kisha atapima mara mbili: mashine ikienda polepole, halafu ikisukuma kwa nguvu mashua ikiwa imefungwa ukingoni.

Ndiyo maana tulipokutana tena sikuwa na subira naye. Mke wangu alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa upande wa chini wa mto alikuwa anamngoja kwa upasuaji. Tulikuwa tumesafiri kwa pikipiki kutoka Kabambare hadi Kasongo, yeye akiuma kitambaa kila tulipopita shimo. Tulipofika bandarini, fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashua yetu akitazama simu. Alikuwa amekwisha kukaza bolti. Mashine ilipokwenda polepole, mstari ulilingana na ule wa zamani. Iliposukuma kwa nguvu, mstari ulipanda na kuachana nao. Mwenye mashua alimwambia kwamba elisi ameitazama kwa macho yake asubuhi ile na haina hata kovu. Mimi nilikuwa mkali zaidi. Nilimkumbusha bolti yake mbele ya watu wote, nikamwambia kwamba nina mgonjwa. Alimtazama mke wangu kwanza, ndipo akanijibu taratibu:

“Papa, sijui kama iko pasuka. Najua tu kama iko inatetemeka kuliko siku ile ya kwanza. Na mama huyu, mimi siwezi kumupandisha juu ya kitu sikijui.”

Akazama. Alipoitoa elisi, nami niliitazama. Haikuwa na kitu. Aliisugua, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, kisha akainyunyizia unga wa chaki. Tulingoja. Kwenye shina la bawa moja, polepole, pakatokea mstari mwembamba wa unyevu, mrefu kama kidole: mafuta yalikuwa yameingia kwenye ufa, na sasa yalikuwa yanarudi nje kupitia chaki. Mwenye mashua alikaa chini kwenye mchanga. Mke wangu ndiye aliyenishika mkono, akaniambia, “Tungoje elisi ingine.” Tulichelewa siku nzima. Daktari alitungojea, upasuaji ukaenda vizuri, na hadi leo mke wangu ananigombeza kwa sauti yenye afya tele.

Nilipokwenda Kasongo kuwapa pole wafiwa, nilikuwa na hofu kwamba kazi ile imezikwa pamoja naye. Mjane wake alinituliza. Mistari yote ameachiwa fundi mmoja mwanamke aliyefanya naye kazi miaka kadhaa, na wenye mashua sasa wanamwita wenyewe kabla hawajapakia.

Nimewaza sana juu ya mtu huyu. Sisi tuliofunga safari tulimdai uhakika ambao hakuwa nao, na kwa kuwa aliwahi kukosea, tulidhani tumepata ruhusa ya kutomsikiliza. Kumbe kosa lile ndilo lililomfundisha kupima vizuri zaidi, na aliweza kujifunza kwa sababu alilikiri papo hapo, mbele ya waliomcheka. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba nilikosea kumkemea. Nasema hivyo leo, kwa kuchelewa, kwenu ninyi wasomaji wangu. Anayetuambia “sijui bado, ngojeni nipime” anatuheshimu kuliko anayetuharakisha kwa maneno matamu, na tukiweza kungoja tupewe jibu lake, wengi wetu tutafika.