Wapanda Farasi wa Koridoni

Mwaka nilioajiriwa kufanya usafi kwenye loji moja nje ya mji wa Karatu, meneja alitundika picha kubwa ya rangi kwenye korido. Wapanda farasi watatu walikuwa wakipita kati ya magofu ya kale: nguzo zilizoanguka, kuta zisizo na paa, majani yameota juu ya mawe. Wageni walisema inatuliza. Mimi nilipiga deki pale haraka haraka, nikiipa mgongo.

Siku moja meneja akaniuliza, "Mgeni akitaka kujua picha hii inasema nini, utamjibuje?"

"Nitamwambia hawa watu wako hatarini."

"Hatari gani? Mbona hakuna adui?"

"Tazama masikio ya farasi. Yote yameelekea ule ukuta. Wanyama wameshasikia kitu, watu bado wanapiga soga."

Aliisogelea picha, akayatazama. Sikumwambia nilijifunzia wapi kusoma masikio.

Kabla ya kazi hiyo, mimi na baba tulitoka kwetu Endamarariek kwenda kumsalimia shangazi, anayelima karibu na msitu wa Ngorongoro. Asubuhi iliyofuata tulichukua punda wake twende kuteka maji. Njia ilipita kando ya gofu la nyumba ya mlowezi. Hapo punda akagoma, masikio yamesimama.

"Baba, tungoje kidogo," nilisema.

"Uvivu tu huo." Akavuta kamba.

Nyati alitokea nyuma ya ukuta. Sijui nilipandaje hadi kwenye dirisha la lile gofu. Nilisikia mfupa wa baba ukivunjika, kisha nikamsikia akiita jina langu, mara mbili, mara tatu. Sikushuka. Nilibaki nimeng'ang'ania mawe hadi majirani walipokuja na mbwa, nyati akaondoka.

Baba alipona, akabaki na mguu mfupi na fimbo. Hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Kila akikohoa kabla ya kusema neno, niliwaza: leo ataniuliza.

Siku moja alipokuja Karatu kliniki, akapita kunisalimia kazini. Kabla sijamzuia, alikuwa ameshasimama mbele ya picha, ameegemea fimbo.

"Huyu wa nyuma ameona," akasema. "Angalia mkono, unavuta hatamu. Anaogopa kusema, wenzake watamcheka."

Niliegemeza dekio ukutani. "Baba, siku ile nilikusikia ukiniita. Nilikaa tu dirishani."

Akageuka, akanishangaa. "Nilikuwa nakuita usishuke."

Nilikaa chini palepale, kwenye sakafu iliyolowa. Baba naye akaketi taratibu, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, tukangoja nipate pumzi. Wageni wawili walipita, wakatusalimu, wakaisifia picha.

Bado naiogopa. Ila siku hizi huitazama kwanza, ndipo nichovye dekio.