Chupa ya Kambi

Kambi alikuwa mtu wa kuchukiza, na nitasema hivyo ingawa mimi ndiye mwenye haki ndogo kabisa ya kumsema. Mwaka 1986 alikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji katika hospitali ndogo ya binafsi hapa Kilifi, nami nilikuwa muuguzi humo. Alibeba mitungi ya gesi, akapiga deki, akaosha mipira ya mashine ya kupumulia wagonjwa. Salamu yake ilikuwa mguno. Daktari Harith alimwita punda mbele ya watu, naye Kambi alijibu kwa kutema mate dirishani.

Kilichotuudhi zaidi ni ile chupa yake. Kila ulipoletwa mtungi mpya wa gesi ya usingizi, aliutoa nje, akafungulia kidogo ndani ya chupa tupu ya dripu, akaiziba kwa kiganja na kuitazama juani dakika kumi nzima. Zamani alichimba visima huko Junju, akipasua mawe kwa baruti. Nduguye alishuka kisimani kabla moshi haujaisha, akapanda akicheka, akala ugali wake, na kabla hakujapambazuka akafa akitokwa na povu. Kambi alishikilia kwamba gesi ya usingizi iliyotengenezwa vibaya huja na sumu ileile. Ndani ya mtungi haina rangi, ikichanganyika na hewa ndipo hugeuka ya manjano, kisha ya kahawia.

"Unamaliza gesi yangu kwa uchawi," Daktari Harith alimwambia. "Nikikuona tena na chupa hiyo, humu hutaingia."

Alimwona tena. Kambi akapewa panga la kufyekea majani uani. Nilifurahi, sina haja ya kuficha.

Jumanne iliyofuata tukampasua Bi Sheikha wa Malindi, mama wa watoto watano, kidole tumbo. Mtungi uliisha katikati ya kazi, nikafunga mwingine mwenyewe, bila chupa wala nini. Haukupita muda midomo yake ikaanza kuwa ya zambarau.

"Ongeza oksijeni," akasema Daktari.

Nikaongeza, naye akazidi. Hapo nikaangalia kile kikombe cha kioo cha mashine, mahali gesi inapokutana na oksijeni, nikaona rangi, hafifu kama chai iliyojaa maji. Niliiona. Nikanyamaza, kwa sababu kusema kulikuwa kukiri kwamba lile punda lilijua. Chuki yangu ilimpunguzia mama wa watu dakika nzima ya pumzi.

Kambi aliyaona hayo dirishani. Aliingia na matope yake miguuni, akampita Daktari, akafunga koki ya mtungi, akang'oa mpira.

"Mpe hewa kwa mkono, Sista," akaniambia. "Hewa safi. Hii mnayompa ni moshi wa baruti."

Nilibinya mfuko wa hewa mpaka vidole vikafa ganzi. Bi Sheikha alikohoa povu siku tatu, akapona.

Asubuhi ya pili Mzee Taib, mwenye hospitali, alituita ofisini. Alitaka kujua nani alifunga mtungi bila kuukagua. Daktari Harith alinitazama mimi. Nilikuwa na kazi yangu, na cheti changu, na jina langu.

"Kambi," nikasema.

"Sista Jedida, hebu nitazame," Kambi akasema.

Sikumtazama. Naye akageukia mlango. Huenda alijua mhudumu hashindani na watu wawili wenye makoti meupe. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshatoka getini, amebeba viatu mkononi.

Siku Bi Sheikha aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mumewe alikuja na bakuli la halua, akauliza ni nani aliyemng'olea mkewe ule mpira. Daktari alininyooshea kidole. Nikalipokea bakuli kwa mikono miwili, nikamshukuru.